Mabomba ya zamani yapimwe kabla ya kufukiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni opereta wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia udongo, hapa Tanga. Nina miaka kumi na sita kazini, na kwa miaka saba ya mwisho naendesha kijiko kidogo cha tani moja na nusu, kinachoingia kwenye nyua na vichochoro ambako kijiko kikubwa hakiwezi hata kugeuza mkono. Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamikia maji machafu yanayopanda vyooni katika nyumba za zamani kila masika. Amemaliza kwa kuomba mji wote uchimbiwe laini mpya. Uchungu wake naujua, maana nauona uani kwa watu kila mwaka. Ila kabla hatujachimba mpya, naomba tuzitafute zile zilizomo ardhini tayari, na kila bomba litakaloonekana lipimwe na kuandikwa kabla halijafukiwa tena. Nitaeleza kwa kazi moja niliyoifanya Aprili mwaka huu.

Alinipigia simu bibi mmoja mjane wa Chumbageni. Nyumba yake ni ya miaka ya 1950, yenye kuta nene, paa la vigae na ua mkubwa wenye mwembe. "Mjukuu wangu," akaniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "chemba yangu ya uani inacheua." Chemba ni kile kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba ya maji taka hukutana. Mvua ikipita saa moja tu, maji ya chooni yalikuwa yanapanda na kutapakaa hadi mlangoni mwa jiko. Kwa miaka minne alikuwa akiita gari la kunyonya maji taka kila baada ya miezi miwili, kwa pesa ya kodi ya chumba cha mbele. Mafundi wawili walikwishampa jibu moja: laini imekufa, achimbe karo jipya, yaani shimo la maji taka, kwa shilingi milioni nne na laki sita. Nilimwomba asimlipe mtu mpaka nifike.

Siku ya kwanza kijiko kilibaki juu ya gari. Kutafuta bomba huanza na ndoo ya maji. Tulifunua mfuniko wa chemba, tukauacha wazi kwa muda upigwe na upepo, wala hakuna aliyeingiza kichwa. Ndani nikaona matundu matatu. Nikakoroga bluu ya kufulia kwenye ndoo, nikamwaga chooni: bluu ikatokea tundu la kushoto. Nikamwaga nyingine jikoni: ikatokea la kulia. Basi tundu la tatu ndilo la kutokea. Nyumba nzima, akiwemo bibi mwenyewe, iliamini kuwa laini inakwenda magharibi, moja kwa moja hadi barabarani, na fundi mmoja alikuwa amekwisha kuchimba shimo upande huo, akakosa, akasema bomba halipo. Lakini mdomo wa tundu la tatu ulitazama kaskazini mashariki, kuelekea mwembeni. Bomba lilikuwapo siku zote. Hakuna aliyepiga magoti kutazama linaelekea wapi.

Nikasukuma fito za kuzibulia. Zikaenda mita kumi na moja, zikagoma. Fito zinaweza kupinda kwenye kona bila wewe kuhisi, kwa hiyo urefu huo peke yake haukuonyeshi mahali. Unakwambia tu kwamba huna haja ya kutafuta tatizo mbali zaidi ya hapo. Kilichobaki kilikuwa hesabu ya kina. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na kanuni ya mafundi wa zama za Mwingereza: chukua inchi za bomba, zidisha kwa kumi. Bomba la inchi nne hushuka mita moja kwa kila mita arobaini, la inchi sita moja kwa sitini, la inchi tisa moja kwa tisini. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo, kinyesi hukaa na kuganda. Pale chembani sakafu ya tundu ilikuwa sentimita 68 chini ya uso wa ardhi. Kwa mita kumi na moja bomba lingeshuka kama sentimita 27 zaidi. Nikapima usawa wa uwanja kwa mpira uliojazwa maji, nikakuta ardhi yenyewe imeshuka sentimita 12 kati ya chemba na mwembe. Jumla, sakafu ya bomba ingekuwa kwenye sentimita 83. Nikaiandika namba ile ukutani kwa chaki ili msaidizi wangu aione siku inayofuata.

Kijiko changu kikikunja nyororo zake za mpira hakizidi upana wa mita moja, kikapita getini kwa bibi bila kugusa nguzo. Ndoo niliyofunga ni ile pana isiyo na meno. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona vijana wengi wakitafuta bomba la udongo kwa ndoo nyembamba yenye meno, eti inachimba haraka. Inachimba haraka kweli, na jino moja likigusa bomba la udongo wa kuchoma, umelivunja kabla sikio lako halijasikia. Ndoo isiyo na meno hukwangua udongo kama mama anavyokwangua ukoko, sentimita tano, sentimita tano, na kila mkwanguo unaacha chini pawe pasafi kiasi kwamba unaweza kusoma rangi ya udongo.

Jambo la pili ni njia ya kuchimba. Ukichimba kwa urefu, ukifuata pale unapodhani bomba limepita, unaweza kushinda siku nzima ukipakana nalo kwa shubiri moja na usilione. Kata njia yake. Chimba handaki fupi la mita mbili au tatu linalopita mbele ya bomba kama mtu anayemzuia mwenzake kichochoroni. Hapo lazima mkutane. Ukilipata mahali pamoja, sogea mita sita au nane mbele, ukate tena. Vipande viwili vya bomba vikionekana, kamba inayoviunganisha inakuonyesha mwelekeo wote, na uwanja wa mtu unabaki na makovu mawili badala ya kufumuliwa wote.

Udongo uliowahi kuchimbwa una alama yake. Kwa bibi, tabaka la juu ni jekundu, na chini yake ni mawe ya matumbawe. Tulipofika kina cha goti, katikati ya wekundu ule tukaona ukanda wa upana wa mkono mmoja na nusu wenye vipande vyeupe vya matumbawe vimechanganyika na kipande cha kigae. Matumbawe hayapandi juu yenyewe. Kuna mtu aliyatoa chini akayarudisha na kifusi. Pale nikapunguza kasi, na msaidizi wangu akashuka na nondo yenye ncha butu. Tumekubaliana ishara moja tu: akikunja ngumi, nazima injini, siulizi. Alikunja ngumi tulipofikia sentimita sitini na tano. Kutoka hapo kazi ni ya chepe, mwiko na mikono.

Lilikuwa bomba la udongo wa kuchoma, la kahawia, linang'aa kama limepakwa mafuta. Kila kipande urefu wa futi mbili. Kwenye shingo moja kulikuwa na muhuri wa kiwanda wenye herufi za Kiingereza. Viungo vimejazwa simenti, na nyuma ya simenti kuna uzi uliosokotwa na kuchovywa lami, kazi ileile ambayo mafundi wetu wa mabomba ya chuma huipa katani na rangi. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Bomba zima hulia kama chungu kilichoiva motoni, na mtu yeyote aliyewahi kununua chungu sokoni anaijua sauti hiyo. Lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Vipande vitatu vya kwanza vililia vizuri. Cha nne, karibu na shina la mwembe, hakikulia. Sakafu yake tuliipima: sentimita 86. Tulikosea sentimita tatu.

Ndani ya kipande cha nne mizizi ya mwembe iliingia kwenye kiungo, ikasukana kama singa za katani kiwandani, mita nzima na zaidi. Maji yalikuwa yanachujwa humo tone kwa tone. Siku za kawaida yalipita. Siku za mvua, maji ya paa yalipojiunga nayo, yakarudi kwa bibi. Tukatoa vipande viwili, tukaweka plastiki juu ya tandiko la mchanga, tukaunga kwa mipira yenye mikanda ya chuma. Narudia, mipira, kwa sababu kipenyo cha nje cha bomba la udongo na cha plastiki havilingani, na ule mtindo wa kujaza pengo kwa mifuko ya simenti na zege hudumu misimu miwili tu, kisha mizizi hurudi.

Ningeweza kufukia, kulipwa na kuondoka siku hiyo. Maji yalikuwa yanashuka. Lakini yalishuka polepole mno, na kunakoshuka polepole kuna jambo mbele. Tukakata njia ya pili upande wa pili wa mwembe na kukuta bomba limepinda kuelekea kwenye migomba mitatu. Migomba ile ilikuwa minene na ya kijani kuliko yote ya mtaa, na bibi alisema hata kiangazi hainyauki. Mtu akikwambia hivyo, sikiliza. Sentimita thelathini chini ya mizizi yake tulikuta mfuniko wa zege, na chini ya mfuniko chemba ambayo hakuna aliyekuwa hai mtaani aliyejua kuwa ipo. Imejengwa kwa matofali ya kuchoma na kupigwa plasta, na sakafu yake imechongwa mfereji wa nusu duara, laini hadi leo kama ndani ya kikombe. Nilikaa ukingoni nikiitazama kwa muda. Yule aliyeipitisha mwiko ule alijua itafunikwa na hakuna atakayeiona, na bado akaifanya vizuri hivyo.

Chemba hiyo ilikuwa na matundu matatu ya kuingilia. Moja la bibi. Mawili ya majirani zake, ambao nao kwa miaka minne walikuwa wakilipa gari la maji taka, kila mmoja akidhani taabu ni ya nyumba yake peke yake.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukapata ruhusa ya kukata njia ya tatu kando ya barabara. Hapo kijiko nilikizima mapema zaidi, kwa sababu kando ya barabara kuna nyaya za umeme, na mengi ya handaki lile tulichimba kwa mkono. Tulilikuta bomba. Katikati yake kulikuwa kumepita bomba jingine jeusi la plastiki, limeingia ubavu mmoja na kutokea wa pili, kama mshikaki. Ni njia ya waya wa mkongo wa intaneti. Ndani, karatasi, vitambaa na mchanga vilijikusanya juu ya plastiki ile hadi pakabaki uwazi wa vidole viwili.

Waliopitisha mkongo hawakuchimba mtaro. Siku hizi kuna mashine inayotoboa ardhi kwa ubavu, kutoka shimo moja hadi jingine ng'ambo ya barabara, na anayeiendesha haoni inapita wapi. Ikikutana na jiwe la matumbawe inatikisika. Ikikutana na bomba la udongo inapita tu. Sikugusa waya wa watu. Niliwatafuta wenyewe, wakaja baada ya siku tisa, na msimamizi wao, kijana mstaarabu, alichuchumaa pale handakini akatazama kwa muda mrefu. "Mzee," akasema, "sisi tulipewa mstari wa kupita. Hili bomba halikuwa kwenye karatasi yoyote." Wakauhamisha waya wao, wakagharimia kiungo kipya. Na siku ile ile maji ya nyumba tatu yakaondoka kwa sauti niliyoisikia nikiwa juu ya kiti cha kijiko.

Nilikwenda kutazama karatasi hizo mwenyewe. Katika ofisi moja nilioneshwa ramani iliyotolewa nakala ya nakala ya nakala, mpaka mistari imekuwa ukungu. Ina viwanja na barabara. Haina bomba hata moja la maji taka la upande ule. Simlaumu kijana wa pale kaunta, alitafuta kwenye kabati hadi shati likajaa vumbi. Ofisi zimehama, majengo yamebadilishwa, barabara za mitaa zikapelekwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, na katika kila kuhama kuna boksi linaloachwa ukumbini.

Sasa niseme langu, maana nisiposema nitakuwa nimewasema wengine tu. Mwaka 2011 nilikuwa opereta mgeni, naendesha kijiko kikubwa cha mtu. Tulikuwa tunachimba msingi, mwezi wa Februari, jua kali. Nikapiga bomba la inchi sita. Halikuwa na tone la maji, ndani buibui wamejenga. Aliyetupa kazi akaja, akatazama, akasema: "Bomba mfu hilo, fukia." Nikafukia. Zege likamwagwa juu. Masika ilipoingia, mvua ya siku mbili ikajaza nyumba ya jirani wa nyuma hadi kitandani, na ukuta wa jiko lake wa tofali za udongo ukaanguka usiku. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Yule jirani hakujua sababu, alisema ni mvua ya mwaka ule. Mimi nilijua. Bomba lile lilikuwa la maji ya mvua, na bomba la maji ya mvua Februari huwa kavu, hiyo ndiyo hali yake. Ilinichukua miaka mitatu kupata ujasiri wa kwenda kumwambia. Nilikwenda, nikaomba radhi, nikachimba njia ya kuzunguka ule msingi bila malipo. Alinipa chai. Ningependelea angenifokea.

Tangu siku hiyo sikubali neno "bomba mfu" mpaka lijaribiwe. Mwaga ndoo mbili upande wa juu, kisha sikiliza upande wa chini. Ukiweza, acha ncha zote mbili wazi mpaka mvua moja ipite. Likithibitika kuwa halitumiki, ziba kwa zege ncha zote, na hilo nalo liandikwe kwamba limezibwa na lini, ili opereta wa miaka thelathini ijayo asipoteze wiki.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike barua hii, nayo inahusu maji tunayokunywa. Katika handaki la kwanza kwa bibi, bomba la maji safi la nusu inchi lilipita shubiri moja juu ya kile kiungo kilichovuja. Bomba la maji safi likiwa na presha, likiwa na tundu dogo linatoa maji nje. Maji yakikatika, na kwetu hukatika, presha inashuka na bomba hufyonza kilicho pembeni yake. Yakirudi asubuhi yanakwenda na kilichofyonzwa hadi kwenye ndoo ya jikoni. Sote tunaukumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 na jinsi ulivyotembea mikoani. Tuliambiwa tuchemshe maji, tukachemsha. Lakini bomba lililopasuka chini ya mwembe halichemshwi, linatafutwa.

Kwa vijana wenzangu wa vijiko niseme machache ya hatari. Mita moja ya mchemraba ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Handaki lenye kina kifuani mwa mtu likiporomoka halimpi nafasi ya kupiga kelele, kwa hiyo asishuke mtu bila mbao za kuzuia kuta, na udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Asiingie mtu kwenye chemba au karo hata kama harufu imekwisha. Ile hewa mbaya ikizidi huua uwezo wa pua kunusa kabla haijamuua mtu, ndiyo maana anayeingia kumwokoa mwenzake naye hubaki huko. Na mkikutana na bomba la kijivu la simenti la zamani, msilikate kavu kwa grainda. Mengi yake yana asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Limwagieni maji, mlitoe zima.

Nimesema juu ya mzee aliyenifundisha. Alikuwa fundi bomba tangu miaka ya 1960, na ramani ya mji huu alikuwa nayo kichwani. Angetembea na fimbo yake Ngamiani au kule Raskazone, asimame, aseme: "Chimba hapa, utakuta chemba, mfuniko wake una pete moja, ya pili ilikatika." Tukichimba, tunaikuta, ina pete moja. Alikuwa na kaunta buku mbili alizochora laini alizowahi kuzifungua, kwa penseli, na vipimo kwa futi. Nilimwambia mara nyingi nitakuja tuzitoe nakala. Alifariki miaka miwili iliyopita. Nilipokwenda siku ya hitma, mwanawe aliniambia kwa unyenyekevu kwamba vitu vya chumbani vimekwisha kugawanywa, na makaratasi yalichomwa pamoja na godoro. Sikumwambia kilichokuwa ndani yake. Ingemsaidia nini?

Kwa hiyo ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji, mamlaka ya maji na wahandisi wa barabara ni hili. Kila anayepewa kibali cha kukata barabara au kutoboa chini yake, iwe ni kwa maji, umeme au mkongo, kwanza achimbe mashimo ya kutazama kwa mkono au kwa kijiko kidogo, akate njia pale penye nyumba za zamani pande zote mbili. Na asirudishiwe dhamana yake mpaka alete mchoro wa alichokikuta, hata kama si chake. Mchoro hauhitaji injinia. Chukua kona mbili za nyumba ambazo hazitahama, pima kutoka kila kona hadi juu ya bomba, andika vipimo vyote viwili. Andika kina hadi juu ya bomba na hadi sakafu yake, ukubwa, ni la nini, maji yanaelekea wapi, na tarehe. Piga picha futi kamba ikiwa imelala kando yake. Wengine huniambia simu inatosha, unabonyeza inakupa mahali. Simu inaweza kukosea mita tatu, hata tano kwenye miti, na mita tano uani kwa mtu ndiyo tofauti ya bomba lake na la jirani. Kabla ya kufukia, tandaza utepe wa plastiki wa rangi kali sentimita thelathini juu ya bomba, ili atakayekuja na ndoo yenye meno apate onyo.

Michoro hiyo ikae mahali pamoja ambapo fundi yeyote anaweza kuiomba bila barua ya utambulisho. Ingeweza kuanza kwa kaunta buku moja katika ofisi ya kila kata, yenye mhuri na kurasa zenye namba. Kompyuta itakuja baadaye, na ikija itakuta kitu cha kuingiza.

Na kwa wazee wa Tanga mnaosoma gazeti hili, mafundi wastaafu wa ujenzi, wa reli, wa bandari, wa maji: kama mnajua chemba ilipofunikwa, tafadhali msingoje kuulizwa. Mwambieni mjukuu alete simu arekodi. Tembeeni naye mpaka mahali penyewe, mpaguse kwa fimbo. Nami nitakuja Jumapili yoyote, bila malipo, na futi kamba na penseli.

Tangu 2014 nimechora mabomba 41 niliyoyakuta ardhini, kuanzia lile la jirani niliyemkosea hadi hili la bibi na nyumba zile tatu. Nimetoa nakala tatu za kila mchoro. Moja iko kwangu, moja nimempa msaidizi wangu, ya tatu iko kwenye faili la kijani na haina mwenyewe. Ofisi yoyote itakayofungua kabati kwa ajili yake nitaipelekea kesho yake asubuhi.

Wako,
Opereta wa kijiko,
Chumbageni, Tanga